Saturday Night ya kwanza, ilivyoonekana kutoka Chuda

Kipindi cha kwanza kabisa cha Saturday Night Live, vile vichekesho vya televisheni ya Marekani, hakifikii sifa zake. Humo humo mna dakika chache ambazo sijaona zikishindwa na kichekesho chochote cha jukwaani. Kauli zote mbili nazisimamia, na makala hii ni ya kueleza zinavyokaa pamoja.

Kilirushwa moja kwa moja kutoka New York usiku wa Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 1975, saa tano na nusu kwa saa za huko. Kwetu Tanga ilikuwa Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Zanzibar walikuwa tayari na televisheni, tena ya rangi, lakini Tanzania Bara tuliisubiri mpaka 1994, kwa hiyo kicheko chetu cha miaka hiyo kilipita redioni, kwa akina Pwagu na Pwaguzi, au kilikuja chenyewe kwa miguu, jukwaani.

Nimekirudia mwezi huu kwa sababu ya vijana. Kuna kikundi cha vichekesho hapa mjini ninachokisaidia kuandika. Wanapanda jukwaani Jumamosi usiku kwenye ukumbi mmoja wa Ngamiani, na onesho lao la karibuni lilianza kwa kishindo, halafu katikati likazama. Watu hawakuzomea. Walitoa simu zao mfukoni, na kwa mchekeshaji hilo ni baya kuliko kuzomewa, maana anayezomea bado anakutazama. Nikataka vijana waone kundi kubwa likiyumba vivyo hivyo, tulisimamishe kila linapoyumba, tuulizane limeanguka wapi. Ndugu yangu anayeishi Marekani aliwahi kuniletea diski za msimu ule wa kwanza. Tukaazima projekta, tukatandaza shuka nyeupe ukutani uani kwangu hapa mtaa wa Chuda, tukapika kahawa. Kando yangu alikaa jirani, mama mtu mzima, ambaye ujanani aliigiza katika kikundi cha utamaduni kilichokuwa kikizunguka mikoani. Wote tunamwita Bi Mkubwa. Kiingereza chake si kingi, nami nilikuwa namtafsiria sikioni, lakini jicho lake la jukwaa ni kali kuliko letu sote, na sehemu kubwa ya niliyoyaona usiku ule ni yeye aliyenionesha.

Kwanza kilivyozaliwa, maana bila hilo mashimo yake hayaeleweki. Kituo cha televisheni cha NBC kilikuwa kikirusha marudio ya kipindi cha mazungumzo cha Johnny Carson usiku wa mwisho wa wiki. Carson akataka marudio hayo yatunzwe yatumike siku za kazi, apate kupumzika, na pengo la Jumamosi likapewa Lorne Michaels, Mkanada ambaye hakuwa ametimiza miaka 31. Aliwekwa Studio 8H, ghorofa ya nane ya jengo la NBC pale Rockefeller Plaza, studio iliyowahi kuwa ya okestra ya Arturo Toscanini. Akakusanya waigizaji ambao Wamarekani wengi walikuwa hawajawaona: Dan Aykroyd, John Belushi, Chevy Chase, Jane Curtin, Garrett Morris, Laraine Newman, Gilda Radner. Hata jina la Saturday Night Live hakuwa nalo bado, kwa sababu kituo cha ABC kilikuwa na kipindi chenye jina hilo, hivyo mwanzoni kiliitwa Saturday Night tu, na jina tunalolijua likaja 1977.

Dakika tisini alizopewa hakuzijaza kwa vichekesho. Alizijaza kwa kila kitu. George Carlin, mwenyeji wa usiku ule, anapanda kuchekesha peke yake, anashuka, anapanda tena. Billy Preston anaimba mara mbili, Janis Ian mara mbili. Kuna filamu fupi ya Albert Brooks, kuna vikaragosi vya Jim Henson, kuna matangazo ya biashara ya uongo, kuna taarifa ya habari ya utani, kuna mwanamke mmoja, Valri Bromfield, anayechekesha kwa kasi ya cherehani na kuondoka. Yale maigizo mafupi ambayo ndiyo yamekipa kipindi hiki jina duniani yamebanwa katikati, mengine hayazidi dakika moja.

Hapo Bi Mkubwa akacheka kabla hata ya mzaha wowote. "Mwanangu, hili ni onesho letu hili," akasema. Na kweli. Aliyewahi kukaa kwenye onesho la kikundi cha Muungano, au la TOT (Tanzania One Theatre) baada ya 1992, anaujua mpangilio: ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, halafu taarab ya kufungia, wanawake wanainuka na noti zao kwenda kumtunza mwimbaji. Ni jioni ya kila mtu. Anayengoja taarab anavumilia sarakasi, na mtoto aliyeletwa kwa ajili ya sarakasi analala kwenye taarab. Kutolingana ni sehemu ya mpango wenyewe, na hakuna anayelalamika.

Lakini kuna tofauti moja, na Bi Mkubwa ndiye aliyeieleza. Katika kikundi chao, kichekesho kilikuwa na kazi: kushikilia ukumbi wakati wacheza ngoma wanabadili mavazi. Mchekeshaji alikuwa mbele ya watu hajui atakaa kwa muda gani. Wenzake wakichelewa kufunga njuga, anarefusha. Akipewa ishara kutoka nyuma ya pazia, anakata hapo hapo. Na watu wasipocheka, anawageukia, anamwuliza mama wa mstari wa mbele anatoka mtaa gani, anaanza upya kutoka kwake. "Ukumbi unakwambia wenyewe," alisema. Kule New York ukumbi unaweza kukwambia nawe usiweze kuitika. Saa imekushika, tangazo la biashara linakuja kwa dakika yake, na maneno unayasoma kwenye makadi makubwa yanayoshikwa kando ya kamera. Kichekesho kikianza kufa utakifia mpaka mwisho wake ulioandikwa.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu cha usiku ule. Kwa kila kipande niliuliza swali moja: kilikuwa na haja ya kuwa moja kwa moja? Je, kingerekodiwa Jumanne na kurushwa Jumamosi, kingepoteza kitu? Ukikipitia kipindi kizima kwa swali hilo, vinavyosalia ni vichache mno.

Cha kwanza kusalia ndicho kinachofungua. Hakuna muziki, hakuna jina la kipindi, hakuna mtu wa kukukaribisha. Mwanamume amekaa kwenye kiti anasoma gazeti. Huyo ni Michael O'Donoghue, mwandishi mkuu wa kundi. Belushi anapanda ngazi akiwa na mfuko wa vitu vya dukani, mgeni katika nchi, anakaa, na somo la Kiingereza linaanza. Mwalimu anasema, mwanafunzi anarudia. Ila sentensi zote ni za mnyama mmoja mkali wa nchi za baridi, jamii moja na nyegere wetu, na vidole vya watu anavyolishwa. Mwanafunzi anarudia kila neno kwa lafudhi nzito na heshima yote, uso wake hauna shaka hata kidogo. Kisha mwalimu anashikwa na moyo, anaanguka na kufa. Mwanafunzi anamtazama. Anafikiri. Halafu naye anatoa sauti ile ile, anajishika kifua, anajiangusha sakafuni vile vile.

Uani kwangu kicheko kilipasuka hapo, kwenye kule kufikiri kwake kabla ya kuanguka. Nilisimamisha tukarudia. Mwanafunzi mwema ameambiwa arudie, naye anarudia. Hakuna ubaya kwa yeyote kati ya wale wawili, mmoja anafundisha kwa dhati na mwingine anajifunza kwa dhati, na upuuzi wote unatokana na utiifu. Halafu Chevy Chase anatokeza akiwa na vifaa vya msimamizi wa jukwaa masikioni, anawatazama maiti wawili, anageukia kamera na kutamka kwa furaha kwamba hii ni moja kwa moja kutoka New York. Mtazamaji wa 1975 alikuwa hajui bado anatazama nini. Mlango ulifunguliwa akiwa amekwisha kuwa ndani.

Hapo kundi lilikuwa limekwisha kushinda. Dakika zilizofuata likaanza kuutumia ushindi huo vibaya. Mtangazaji Don Pardo, sauti ya NBC ya miaka mingi, akalikosea hewani jina la kundi la waigizaji. Hilo ni dogo na hata linapendeza, ndiyo hatari ya kazi ya namna ile. Carlin akaja, koti la suti juu na fulana chini, akalinganisha michezo miwili ya Kimarekani, mmoja wa upole na mmoja wa vita. Ni kipande kilichochongwa kwa ustadi mkubwa, kila neno limekaa pake. Vijana wangu hawaijui ile michezo na bado walicheka, maana upole na vita vinasikika kwenye sauti yake. Lakini Carlin ni kisiwa. Usiku mzima haingii katika igizo hata moja. Mwenyeji anapanda jukwaa la wageni wake na hachanganyiki nao, na kila anaporudi kusimama peke yake tunaanza upya kana kwamba onesho limefunguliwa sasa hivi. Baadaye alipoingia kwenye habari za Mungu, uani pakawa kimya. Bi Mkubwa akanyanyua kikombe chake akasema, "Hapo aendelee na wenzake," nikapeleka mbele. Kwangu huo si woga. Mchekeshaji ana ukumbi wake na sisi hatukuwa ukumbi wa Carlin.

Kichekesho cha mahakama kilinikera. Shahidi anaona haya kutamka maneno machafu aliyoambiwa, hivyo anayaandika kwenye karatasi, na karatasi inapitishwa kwa wazee wa baraza mmoja mmoja. Mmoja amesinzia. Anaamshwa na mwanamke aliye kando yake, anapewa karatasi, anaisoma, anadhani ni yeye anayetongozwa. Mzaha huu ulikuwa mzee hata 1975. Kosa lake hasa ni kwamba unauona unakuja tangu mzee anaposinzia, na wao wanautembeza taratibu mpaka ufike. Vijana wawili walisema mwisho wake kwa sauti kabla haujatokea. Ukumbi ukikutangulia, wewe uliye mbele huna tena kazi ya kufanya.

Wa papa nao. Majira ya joto ya mwaka ule Marekani nzima ilikuwa ikizungumzia papa kwa sababu ya filamu moja, basi Jane Curtin anamhoji Belushi, anayedai ameng'atwa, naye ameficha mkono wake ndani ya nguo. Umeona mkono umefichwa, umecheka, imekwisha. Wao bado wana dakika za kujaza. Kadhalika nyuki: hospitali ya uzazi, waigizaji wamevalishwa mavazi ya nyuki, baba wanaambiwa mtoto aliyezaliwa ni nyuki wa aina gani. Wazo hilo likiwa mezani linachekesha kila anayelisikia. Jukwaani ni watu waliovaa mavazi. Wakuu wa NBC hawakuwapenda wale nyuki, na Michaels, kwa ukaidi ambao nauheshimu, akawarudisha tena na tena msimu ule wote. Baadaye walipata maisha kwa sababu waliandikiwa manung'uniko: nyuki waliochoka kuvalishwa unyuki. Wakishakuwa na manung'uniko wanakuwa watu, na mtu unaweza kumngojea aseme kitu.

Hili la wazo lisilo na mtu ndilo lililowazamisha vijana wangu wa Ngamiani, na niliwaambia hivyo hapo hapo. Kichekesho chao cha bodaboda wanaofanya mkutano wa Umoja wa Mataifa ni wazo zuri. Walipoingia na bendera kwenye helmeti, ukumbi ulilipuka. Baada ya bendera hakukuwa na bodaboda yeyote anayetaka kitu. Yule anayeigiza mwenyekiti alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo helmeti zilikuwa ndiyo mzaha wote." Ndiyo. Na hilo ndugu zangu hawa wanalielewa haraka kuliko wasomi wengi niliowasikia wakizungumzia sanaa za maonesho.

Vikaragosi vya Henson nitavipita upesi, kwa huzuni. Henson alikuwa bingwa; watoto wa Marekani walikuwa wakimpenda tangu 1969 kupitia Sesame Street. Hapa alitengeneza viumbe wazee, walevi, wenye tamaa, lakini maneno yao yaliandikwa na waandishi wa kipindi, yeye na wenzake wakawa wa kuyatia uhai tu, na uhai haukukubali. Ni sehemu ndefu na nzito. Msimu ulipokwisha waliagana. Mwaka uliofuata, 1976, Henson akapata kipindi chake mwenyewe huko Uingereza, akaandika kwa namna yake, na dunia nzima ikacheka. Mafundi walikuwa wale wale.

Taarifa ya habari ya Chase imechakaa kwa sababu nyingine, isiyo kosa lake. Habari za wiki ile zimekufa na wahusika wake, na mimi nilijikuta naeleza nani alikuwa nani katika serikali ya Rais Ford badala ya kutafsiri mzaha. Ila ukiondoa majina, namna yenyewe ya kusoma imesimama: uso mkavu, mkono kwenye karatasi, sauti ya mtu anayeaminika. Vijana waliitambua papo hapo. Walikulia kwenye Ze Comedy ya EATV na baadaye Orijino Komedi ya TBC1, na utani wa taarifa ya habari wameujua kwa akina Masanja. Mmoja aliuliza kama Wamarekani walituiga sisi. Nikamwonesha tarehe.

Tangazo moja la uongo linastahili neno. Ni la wembe wenye makali matatu, na mwisho wake linamwambia mtazamaji wazi kwamba limetengenezwa kwa sababu yeye ataamini chochote. Mwaka 1998 Gillette wakauza wembe wa makali matatu kwa kweli, dunia ikanunua. Uani hakuna aliyecheka. Mzaha umepitwa na maduka, wala hakuna mwandishi anayeweza kujikinga na hilo.

Janis Ian alipokuja na gitaa lake akaimba habari za msichana ambaye hakuwa mzuri na hakuna aliyempigia simu, nilitaka kupeleka mbele tuwahi vichekesho. Bi Mkubwa akanishika mkono. Akauliza anaimba nini, nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema huyu angetunzwa. Nadhani ameona kitu ambacho wahakiki wengi wa kipindi kile hawakukipa uzito: katikati ya wanaume wengi wanaokimbilia kicheko, ni huyu binti anayethubutu kukaa tuli. Wimbo ule ulitupumzisha, na kichekesho kilichofuata kilifaidika nao. Mji uliolelewa na taarab ya Black Star na Lucky Star haupaswi kufundishwa na New York kwamba huzuni na kicheko hukaa kwenye jioni moja.

Nimemwacha Andy Kaufman makusudi.

Anasimama peke yake, macho yamemtoka, mikono haijui ikae wapi. Kando yake pana gramafoni. Anaweka sindano kwenye sahani, na inaanza kupiga wimbo wa katuni ya watoto, wimbo wa panya shujaa. Wimbo unaimbwa, yeye hafanyi kitu. Amesimama tu. Anajikuna kwa macho, kama naweza kusema hivyo, anatazama huku na huku, hofu ya jukwaa imemjaa. Halafu unafika mstari mmoja tu, ule wa shujaa kutangaza kwamba anakuja kuokoa siku, na Kaufman ghafla anainua mkono, anajaa kifua, anauigiza kwa ushujaa wote wa dunia, mdomo wake ukifuata sauti ya sahani. Mstari ukiisha, hofu inarudi. Anasubiri mstari wake tena. Kwenye sehemu ndefu ya katikati anapata nafasi ya kunywa maji. Safari moja anajiandaa mapema, anafungua mdomo, anagundua bado, anajirudi.

Hakuna neno moja la mzaha. Hakuna wazo la kumsimulia mtu barabarani likamchekesha. Na uani kwangu, miaka mingi baadaye, mbele ya vijana wasioujua ule wimbo wala ile katuni, watu walikuwa wanalia kwa kucheka. Bi Mkubwa alikuwa amejifunika uso kwa upande wa kanga.

Sababu ni kusubiri. Sote tunajua mstari unakuja, kama tulivyojua mzee wa baraza atakosea, lakini huku kujua kwetu ndiko kunakofanyiwa kazi. Kaufman anasubiri pamoja na sisi, naye anaogopa kuliko sisi. Na kitu hiki kinadai kiwe moja kwa moja, maana ukikirekodi mtu atakikata. Atasema hapa kati pamelegea, tupunguze. Kwenye televisheni ya moja kwa moja sekunde tupu ni hatari ambayo kila mtu studioni anaisikia mwilini, na yeye alizitumia nyingi akiwa amesimama kimya. Hapa Tanga tulikuwa na bwana wa kazi hii, Amri Athumani, King Majuto, aliyezaliwa 1948 na kufariki tarehe 8 Agosti 2018. Tazama filamu zake, hata zile dhaifu. Mwenzake anasema neno, na kabla Majuto hajajibu, lile neno linapita usoni kwake, linashuka mabegani, linafika miguuni. Jibu lenyewe mara nyingi ni la kawaida. Umeshacheka kabla halijaja.

Baada ya Kaufman nilirudi kwenye swali langu na kulijibu. Kilichohitaji kuwa moja kwa moja usiku ule ni somo la Kiingereza, Kaufman, na nyimbo za Janis Ian. Carlin angeweza kurekodiwa, na filamu na matangazo yalikuwa yamerekodiwa tayari. Mahakama, papa na nyuki vingeweza kuandikwa upya wiki nyingine. Yupo hata aliyekatwa kabisa: Billy Crystal, kijana wakati ule, alikuwa ameandaliwa kipande chake, muda ukabana, akaondoka bila kupanda. Alirudi akiwa mmoja wa waigizaji wa kipindi, lakini hiyo ni 1984. Huwa najiuliza wangepata nini kama wangemwacha yeye na kukata papa.

Na walijifunza upesi, hilo nawasifu. Wiki iliyofuata Paul Simon alikuwa mwenyeji na kipindi kikawa karibu chote cha muziki, akiwa na Art Garfunkel, kama watu waliokuwa bado wanatafuta sura yao. Lakini kufikia tarehe 13 Desemba, mchekeshaji mweusi Richard Pryor alipokuja, maigizo yalikuwa yameshika katikati ya kipindi. Lile la Pryor na Chase kwenye usaili wa kazi ni watu wawili, meza moja, na maneno ya ubaguzi yanayozidi ukali kila zamu. Humo pia kuna ukimya kati ya neno na neno, na ukimya huo ndio unaokata. Limeandikwa na Paul Mooney, na aliyeliandika aliujua ukumbi aliouandikia.

Tulipomaliza, vijana hawakuondoka. Yule mwenyekiti wa bodaboda alikuwa na wazo, safari hii lenye mtu ndani yake. Mshereheshaji yuko jukwaani na hafla haiwezi kuanza kwa sababu mgeni rasmi hajafika. Ndiyo hiyo tu. Anawaomba watu wafanye mazoezi ya kusimama. Ukumbi unasimama. Anawaambia wakae. Simu inaita, mgeni yuko Kange, hapa hapa mjini, anakuja. Wasimame tena. Simu inaita, kumbe bado yuko Muheza, wilaya ya jirani. Kila aliyewahi kukaa kwenye hafla mkoa huu amelisubiri gari hilo, na hapa hadhira ndiyo yenye kazi kubwa: wao ndio wanaosimama, wao ndio wanaochoka, na mshereheshaji lazima azidi kuwa na adabu kadiri anavyozidi kuogopa. Haliwezi kurekodiwa. Bila ukumbi halipo.

Mabishano yaliyotukalisha mpaka usiku mkubwa yalikuwa ya mwisho wake. Wengi walitaka mgeni rasmi aingie, tumbo mbele, aketi, asinzie. Bi Mkubwa alikataa kabisa. "Akifika mmeshaharibu," alisema. "Muacheni huko huko Muheza." Mimi niko upande wake, maana akiingia, macho yote yatamhamia yeye na mshereheshaji tuliyemhurumia muda wote ule atasahauliwa. Kijana mwenyewe anataka honi isikike nje, ukumbi usimame bila kuambiwa, na gari lipite moja kwa moja. Bodaboda na Umoja wa Mataifa tumewatoa. La mgeni rasmi linapanda Jumamosi, na tutaanza na lake la honi.